Pikseli 9 Zinapodaiwa Kuzaa 81: Kukuza Picha kwa Uwakilishi Haba

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Nimeombwa nizungumze kwa namna ambayo mpiga picha wa studio na mwanafunzi wa kompyuta wote wataifuata, kwa hiyo milinganyo nimeiacha kwenye begi. Mwenye hamu nayo anione wakati wa chai.

Hesabu moja tu siwezi kuikwepa. Picha ya kidijitali ni jedwali la namba: kila pikseli ina namba moja ya mwanga, au tatu kama picha ni ya rangi. Ukitaka kuikuza mara 3 kwa upana na mara 3 kwa urefu, kila pikseli inadaiwa 9. Chukua kipande kidogo cha pikseli 3 kwa 3. Mkononi una namba 9, na unatakiwa ujaze nafasi 81. Milinganyo 9 yenye visivyojulikana 81 haina jibu moja, ina majibu yasiyo na idadi. Kwa hiyo mtu akikuuzia programu akasema inarudisha kilichopotea, mwulize hizo 72 zilizozidi kazitoa wapi. Mazungumzo yetu ya leo yote yamo humo.

Njia ya kawaida, ile iliyomo kwenye karibu kila programu ya picha, hujaza nafasi kwa kuchanganya thamani za majirani. Ni ya haraka, na picha inatoka laini mno: kope zinaungana, herufi zinaota ukungu pembeni. Haikudanganyi sana, ila haikuongezei kitu.

Uwakilishi haba, yaani kueleza kipande cha picha kwa viambato vichache tu, unaingilia mlango mwingine. Unauliza: kati ya majibu hayo yasiyo na idadi, yapi yanafanana na picha za dunia tunayoiona? Ukizijaza nafasi 81 kwa namba za kubahatisha utapata chengachenga tupu. Picha halisi ina utaratibu, ina kingo, mikunjo na michirizi inayojirudia, na kwa sababu hiyo kipande chake kinaweza kuelezwa kwa viambato vichache. Hili mnalitumia kila siku bila kulijua. JPEG, kiwango cha mwaka 1992, hukata picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, hueleza kila kipande kwa mawimbi 64 yaliyopangwa tangu mwanzo, kisha huyapunguzia usahihi hadi mengi yanakuwa sifuri na hayana haja ya kuhifadhiwa. Faili linapungua, na jicho halilalamiki.

Mawimbi ya JPEG yanatokana na fomula. Mwaka 1996, Bruno Olshausen na David Field walichapisha katika jarida la Nature kazi ambayo mimi huihesabu miongoni mwa zilizo nzuri kabisa katika fani hii. Waliiachia kompyuta itafute viambato yenyewe kutoka kwenye picha za mandhari ya asili, kwa sharti kwamba kila kipande kielezwe kwa vichache iwezekanavyo. Vikajitokeza vijistari vifupi, kila kimoja na mwelekeo wake. Vilifanana sana na yale ambayo seli za gamba la ubongo linalopokea habari za macho huyaitikia, kama David Hubel na Torsten Wiesel walivyoonyesha kwa majaribio ya paka na nyani, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Hakuna aliyeiambia kompyuta habari za ubongo. Ilipewa picha na sharti la uhaba, basi.

Mkusanyiko wa viambato hivyo huitwa kamusi, na jina limekaa vizuri. Kamusi ina maneno maelfu, lakini sentensi yako hutumia saba au nane. Vivyo hivyo kipande cha picha: kamusi inaweza kuwa na viambato 1,024, na kipande kimoja kikaelezwa kwa vichache tu, kila kimoja na uzito wake, vilivyobaki vyote sifuri.

Sasa tufike kwenye kukuza. Mwaka 2008, na kwa ukamilifu zaidi mwaka 2010, Jianchao Yang, John Wright, Thomas Huang na Yi Ma, katika kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Illinois kule Urbana-Champaign, walitengeneza kamusi mbili zinazokwenda sambamba. Moja ina vipande vikali, nyingine ina vipande vilevile baada ya kufifishwa na kupunguzwa. Kiambato cha 40 katika ya kwanza ndicho cha 40 katika ya pili. Kikija kipande kibovu, unakieleza kwa kamusi ya vibovu, unapata uzito wake, kisha unauhamishia uzito uleule kwenye kamusi ya vikali. Kinatoka kipande kikali. Unasogea kidogo, vipande vikipandana ukingoni ili picha isionekane kama vigae, unaendelea hadi mwisho. Tena walifanya hivyo kwa mwanga peke yake. Rangi waliikuza kwa njia ya kawaida, maana jicho la binadamu si kali sana kwenye rangi.

Kwa nini uzito ukubali kuhama? Kwa sababu kufifisha na kupunguza hakubadili mchanganyo: ukichanganya vikali kwa uzito fulani kisha ukafifisha, ni sawa na kufifisha kwanza kisha kuchanganya. Kazi ngumu ni kurudi nyuma, na hapo uhaba ndio unaobeba mzigo. Ukiruhusu viambato vyote 1,024 vishiriki, unarudi kwenye majibu yasiyo na idadi. Ukidai vichache, majibu yanapungua sana. Lakini kujaribu kila mchanganyiko wa vichache ni kazi isiyoisha hata kwa kompyuta kubwa, kwa hiyo hutumika ujanja: badala ya kuhesabu viambato, unapunguza jumla ya ukubwa wa uzito wote, bila kujali chanya au hasi. Robert Tibshirani aliueneza ujanja huo katika takwimu mwaka 1996. Unasukuma uzito mwingi hadi sifuri kamili, na kompyuta ya kawaida inaumudu.

Mwisho kuna ukaguzi. Picha iliyokuzwa inapunguzwa tena na kulinganishwa na ile ya awali. Penye tofauti inarekebishwa hadi zikubaliane. Naomba mlishike hili, kwa sababu watu wengi huliona kama muhuri wa ukweli. Silo. Picha nyingi tofauti, zikipunguzwa, zinaishia kwenye picha ndogo ileile.

Ushahidi wake ulizunguka dunia nzima mwaka 2020. Programu iitwayo PULSE, iliyotoka Chuo Kikuu cha Duke, si ya uwakilishi haba. Hutumia mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza yenyewe kutoka kwenye mifano mingi. Ila ukaguzi wake ni huohuo: hutafuta uso mkali ambao ukipunguzwa utalingana na ule wenye ukungu. Watu wakaipa picha ndogo ya Barack Obama. Ikawarudishia sura ya mzungu. Mtu ambaye nchi nzima ya Kenya inamdai ni mtoto wa nyumbani! Ukaguzi haukusaidia kitu. Namba zilizozidi zilitoka kwenye nyuso ilizofundishiwa.

Tangu 2014, Chao Dong na wenzake walipoonyesha kwamba hatua za uwakilishi haba zinaweza kutazamwa kama mtandao wa neva wa tabaka tatu, mitandao imeshika uwanja na ubora wake umepita mbali. Sibishi. Mimi bado nafundisha kwa kamusi kwa sababu kamusi unaweza kuifungua ukaitazama: viambato 1,024 vinaenea kwenye ukurasa mmoja. Ukiifundisha kwa picha za maua, utaona kingo za petali. Ukaipa kitambaa cha kusuka, itakieleza kwa kingo za petali.

Naona mkono pale nyuma. Swali ni kuhusu kamera ya ulinzi: namba ya gari haisomeki, je, njia hii itaisoma? Itakupa herufi kali, ndiyo, lakini huenda si zilizokuwa kwenye gari. Mahakamani sitaisimamia. Usianze na picha moja. Omba video yote, na iwe faili la awali kutoka kwenye mashine, siyo iliyopitia WhatsApp ikabanwa. Video ni mfululizo wa picha, kila moja huitwa fremu. Gari likisogea sehemu ya pikseli kati ya fremu na fremu, kila fremu imepima mahali tofauti kidogo, na hizo ni namba mpya zilizopimwa kweli. Roger Tsai na huyuhuyu Thomas Huang walieleza mwaka 1984 jinsi ya kuziunganisha. Fremu 20 zisizosomeka zinaweza kukupa namba ya gari, iwapo video haijafutwa, maana mashine nyingi hurekodi juu ya video za zamani. Kwa hiyo ukitoka hapa, wapigie simu kwanza wenye kamera hiyo.