Kuosha Mgonjwa Kupo, Lakini Sikilizeni

Assalaam alaykum jamaa zangu wa Pemba na Unguja, mliopo nyumbani na mliotawanyika. Upepo leo mkali, mkisikia maikrofoni inavuma mnisamehe. Nipo London, ukingoni mwa mto Thames, na jengo hili nyuma yangu ni spitali ya St Thomas'. Lile la ng'ambo ni Bunge lao.

Nimekuja hapa kwa makusudi. Kuna mama wa Konde, Pemba, kaniletea ujumbe wa sauti, mrefu, wali ungeweza kuiva. Binti yake kamaliza Fomu Siksi, alama nzuri, anataka kusoma uuguzi. Baba mtu hataki. Anasema hakusomesha mtoto miaka yote ili akaoshe watu na kumshikia daktari trei.

Baba, shikamoo. Kuosha watu kupo, sikufichi. Mie ni muuguzi huku, na leo asubuhi nimeosha. Lakini hebu nikwambie nini kinafanyika unapomwosha mtu aliyelala kitandani wiki nzima. Unamgeuza, unamtazama mgongo, kiuno, visigino. Unatafuta pahala palipobadilika. Kwenye ngozi nyeusi kama zetu wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo unagusa: pana joto? Pamekuwa pagumu, au laini kuliko pembeni yake? Hapo ndipo kinapoanzia kidonda cha kulala, na kikiachwa kinaweza kuchimba mpaka mfupani. Huku unasikiliza anavyopumua. Unaona jana alinyanyua mkono mwenyewe kuvaa shati na leo hawezi. Ukimaliza, unajua jambo ambalo daktari aliyepita mara moja asubuhi halijui. Na unaliandika, unatia saa na saini yako. Likija kuulizwa, unaulizwa wewe.

Sasa spitali hii ya St Thomas', ilipokuwa bado Southwark kabla ya kuhamia hapa, ndipo ilipofunguliwa, mwaka 1860, skuli ya wauguzi ya Florence Nightingale, Mwingereza aliyeujenga uuguzi kama taaluma. Kabla ya hapo Ulaya ilikuwa na watawa waliohudumia wagonjwa, na Ujerumani kulikuwa na kituo cha Kaiserswerth, alikojifunza mwenyewe mwaka 1851. Lakini katika spitali nyingi za Uingereza aliyeuguza alikuwa mwanamke masikini asiyefundishwa, na sifa yao ilikuwa mbaya, walisemwa kwa ulevi. Familia ya Nightingale, watu wenye mali, walipinga kabisa binti yao kwenda huko. Kwa hiyo baba, hauko peke yako, una wenzio wa tangu enzi hizo.

Nightingale wengi tunamjua kwa ile taa aliyopita nayo usiku kuwatazama wagonjwa. Mie taa hainishughulishi sana. Kinachonishughulisha ni hesabu zake. Mwishoni mwa 1854 alifika Scutari, Uturuki, na wanawake 38, kuhudumia askari wa Kiingereza wa Vita vya Crimea, waliokuwa wakipigana na Urusi. Jengo la spitali lilikaa juu ya mifereji ya maji machafu iliyoziba. Februari 1855, katika kila wagonjwa 100 walikufa zaidi ya 40, na wengi hawakuuliwa na risasi bali na kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu. Sisi wa visiwani kipindupindu hatuhitaji kuelezwa. Mwezi wa Machi ikaja tume kutoka London, ikazibua mifereji, ikatia hewa. Kufika Juni waliokufa wameshuka mpaka karibu wawili katika mia.

Na hapa nataka tuwe wakweli: yeye mwenyewe, wakati ule, alidhani tatizo kubwa ni chakula na uchovu wa askari. Aliporudi kwao ndipo akakaa na mtaalamu wa takwimu, William Farr, wakachambua daftari za vifo mwezi kwa mwezi, na hapo ukweli ukamkabili. Hakuuficha. Mwaka 1858 akauchora kwa mchoro wa duara wenye vipande vya rangi, ili hata waziri asiyependa tarakimu aone askari wanauliwa na nini. Kwangu mie, uuguzi kama taaluma umesimama pale: huruma ikakubali kuhesabiwa.

Kitabu chake, Notes on Nursing, kilitoka mwishoni mwa 1859, na mambo yake mengine ungesema kapita Wete. Jambo la kwanza anasema hewa anayovuta mgonjwa iwe safi kama ya nje, bila kumtia baridi. Na sisi je? Mtu ana homa, dirisha linafungwa, pazia linashushwa, blanketi juu, watu kumi na mbili ndani ya chumba na chetezo cha udi kinafuka. Halafu Nightingale ana sura nzima kitabuni juu ya wageni wanaokuja kumliwaza mgonjwa kwa maneno yasiyo na mguu. "Utapona tu, mbona umeshanawiri." Au yule mwengine, mnamjua, kila ukoo unaye mmoja, anayekaa kando ya kitanda na kusema, "Hata marehemu fulani yalimwanza hivihivi." Kumtembelea mgonjwa ni ibada, wallahi, siipingi. Ila ingia wawili wawili, salimu, omba dua, toka.

Najua kuna watakaoandika, "Dada, mbona unatusomea Wazungu tu?" Nisubirini. Katika sira tunasoma habari za Rufaida al-Aslamiyya, mama wa Madina aliyekuwa na hema ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.) akitibu majeruhi. Sahaba Saad bin Muadh alipopigwa mshale katika vita vya Khandaq, Mtume aliamuru awekwe kwenye hema la Rufaida. Baba, nakuomba usikilize hapo: mwanamke, majeruhi mwanamme, tena msikitini. Hofu yako juu ya wodi ya wanaume naielewa, na kwa kawaida zipo njia za kupanga nani amhudumie nani, lakini usiseme kazi hii haina asili kwetu.

Na hapa bustanini, hebu nigeuze kamera, mnaliona sanamu hilo? Huyo ni Mary Seacole, wa Jamaika. Uganga alijifunza kwa mama yake, kipindupindu alikipiga vita Panama, na alipoomba kujiunga na wauguzi wa Crimea akakataliwa. Akajilipia nauli, akenda, akafungua nyumba yake karibu na Balaclava akawalisha na kuwatibu askari. Sanamu lake limewekwa 2016 tu, zaidi ya miaka 130 baada ya kufa kwake. Nikimtazama nawakumbuka bibi zetu wakunga wa jadi. Mikono yao ilijua mtoto kakaa vipi tumboni kabla ya mashine yoyote. Lakini bibi akifa, ujuzi ulikwenda nae kaburini, na akikosea hapakuwa na wa kumuuliza.

Ndiyo maana ya rejista, daftari la wauguzi walioruhusiwa kufanya kazi. New Zealand ilitunga sheria ya kuandikisha wauguzi mwaka 1901. Uingereza mwaka 1919, baada ya muuguzi Ethel Bedford Fenwick kuigombania kwa miaka zaidi ya thelathini, na jina lake ndilo namba moja katika daftari lao. Anayenichekesha ni Nightingale: aliipinga! Alisema mtihani hauwezi kupima tabia. Alikuwa na hoja, ila mie nipo na Bi Fenwick, kwa sababu mgonjwa aliyezimia hawezi kukuchunguza tabia. Anahitaji kuwepo daftari lenye jina lako, na mamlaka ya kulifuta.

Nyumbani tuna Baraza letu la Wauguzi na Wakunga, maana afya si jambo la Muungano, Zanzibar ina taratibu zake. Huku kila baada ya miaka mitatu lazima nioneshe nimefanya kazi saa zisizopungua 450 na nimejisomesha saa 35, la sivyo siruhusiwi kugusa mgonjwa. Mshika trei hawekewi masharti hayo.

Waliouliza viza na mshahara, hiyo video nyengine, msinishambulie.

Wewe binti wa Konde. Mama kasema bibi yako anaumwa, amelala ndani. Usingoje barua ya chuo. Chukua daftari. Andika kanywa maji kiasi gani na saa ngapi, kakojoa mara ngapi, umemgeuza lini na upande upi, kala nini na nini kakirudisha. Ukimuona kabadilika ghafla usiandike kwanza, mpelekeni spitali. Na siku mtakayompeleka Chake, daftari hilo usiliache nyumbani, mpe muuguzi wa zamu mkononi mwake.