Chakula Kilicholala: mazungumzo na vijana wanaokwenda kupika mlimani

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Kabla sijaanza, kijana uliye karibu na jiko, niwashie gesi. Sufuria hiyo ina maji matupu na kipimajoto kimo ndani. Yaache yachemke yenyewe, nitayahitaji baadaye.

Nimeambiwa kumi na wawili kati yenu mnapanda basi Jumatatu, mwende Nyeri na Nanyuki kufanya mazoezi ya kazi katika hoteli zilizo chini ya Mlima Kenya. Nimefurahi, na pia nina wasiwasi. Nilipanda njia hiyo nikiwa msichana wa miaka 24, nimetoka Mji wa Kale na mbuzi wangu wa kukunia nazi ndani ya kikapu, na hakuna aliyekuwa ameniambia haya ninayokuja kuwaambia leo.

Wiki ya kwanza nilipewa usiku mmoja wa vyakula vya pwani. Wageni sitini. Nikapika wali wa nazi kama alivyonifunza nyanya yangu: tui la pili mwanzo, tui zito mchele unapokaribia kukauka, kisha nikaupalia makaa. Nikatengeneza kuku wa kupaka na mchuzi wa nyama ya mbuzi. Chakula kilitoka jikoni kikinukia mpaka wapishi wenyeji wakaacha kazi zao wakaja kuchungulia. Baada ya muda mfupi nami nikachungulia ukumbini. Wageni wengi walikuwa wameweka vijiko chini. Nikasogea kwenye meza moja nikaona juu ya mchuzi utando mweupe, na punje za wali zimeshikana kama zilizopakwa nta. Mzee mmoja akaniambia kwa upole, "Binti yangu, umepika vizuri, lakini chakula kimelala."

Kilikuwa hakijamaliza hata robo saa tangu kitoke motoni! Usiku ule nililia.

Sasa sikilizeni sababu. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Sisi hapa Mombasa hatuna haja ya kulijua hilo, kwa kuwa karibu mwaka mzima chupa ya mafuta ya nazi hukaa kama maji. Mafuta ya mbuzi huganda mapema zaidi. Nanyuki iko karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, na jua likishazama tu, baridi hushuka kama pazia. Sahani zangu zilikuwa kabatini, kando ya ukuta wa nje, tangu mchana. Nilichukua wali wa moto nikaupakua juu ya barafu. Kosa halikuwa katika viungo wala katika mkono wangu. Kosa lilikuwa sahani.

Kwa hivyo jambo la kwanza mkifika huko, hata kabla ya kuuliza mtalala wapi, ulizeni sahani hupashwa wapi. Kama hawapashi, pasheni nyinyi. Zitieni katika oveni yenye moto mdogo, au zitumbukizeni katika maji ya moto mzifute wakati wa kupakua. Bakuli la mchuzi lije na kifuniko. Mhudumu asiwekwe mlangoni na sahani tano mkononi akingojea ya sita. Heri apeleke mbili mbili, mbio. Mgeni wa mlimani anakula akiwa na baridi mwilini, na kitu anachokitafuta kwanza kwenye chakula chako, kabla ya iliki na kabla ya mdalasini, ni joto.

Na moto wenyewe huko si huu mnaoujua. Hapa tulipo, karibu na bahari, maji huchemka yakifika nyuzi 100. Ukipanda juu, hewa inayoyakandamiza hupungua, basi maji hutokota kabla hayajapata moto wa kutosha. Kila mita 300 unazopanda, unapoteza karibu nyuzi 1. Nanyuki yatatokota kwenye nyuzi 93 hivi. Utaona mapovu, utaona mvuke, utadhani kazi inaendelea kama nyumbani. Ukiongeza moto, maji hayapati joto zaidi. Yanakauka upesi tu. Juu kabisa, kwenye kambi za wapanda mlima zilizo mita 4,200, maji hutokota kwenye nyuzi 86, na maharagwe makavu unaweza kuyachemsha kutwa yasilainike.

Ndiyo maana mbaazi zetu za asubuhi zitawatesa. Hapa ukiziloweka usiku, alfajiri zinaiva huku unasukuma mahamri. Kule ziloweke vile vile, kisha zitie katika sufuria ya presha, ambayo hufungia mvuke ndani na kupandisha joto kupita nyuzi 100. Bila sufuria hiyo usiandike mbaazi za nazi kwenye orodha ya chakula. Wali nao uongezee maji kidogo na muda. Kuhusu mahamri, hamira hufurahia mlima kupita kiasi: hewa nyepesi huuachia unga uvimbe haraka, ukizubaa huumuka ukaporomoka. Punguza hamira na uuangalie unga wenyewe, usiangalie saa. Lakini jikoni kukiwa na baridi, unga huo huo hulala tu. Kila asubuhi ina unga wake.

Kuhusu chai nitasema kidogo tu. Chai ya kuchemshwa pamoja na maziwa, tangawizi na majani, kama tunavyoipenda, haina shida mlimani. Ile ya kumimina maji juu ya kifuko katika kikombe baridi ndiyo hutoka kama maji ya kuoshea vyombo. Pasha birika na kikombe.

Wageni wenu wengine watakuwa wametoka kileleni. Lenana, ambako wapanda mlima wa kawaida hufika, ni mita 4,985. Batian, mita 5,199, ni kwa wenye kamba na ujuzi wa kukwea miamba. Mtu akikaa juu kule siku tatu, nne, hamu ya kula humpotea hata kama mwili una njaa. Anarudi midomo imekauka, vidole vimekufa ganzi. Huyo usimpe biriani kwanza. Mpe supu. Mimi nilikuwa nawapa supu ya mifupa yenye pilipili manga na ndimu, pamoja na viazi viwili, vitatu, ndani yake. Viazi vya mlimani ni vitamu kuliko vyovyote mtakavyonunua Marikiti. Nilimwona mwanamume mzima akishika bakuli kwa mikono yote miwili, hakunywa, alilishika tu kwa muda. Nami nikaona nimefanya kazi yangu.

Kisha jifunzeni mukimo kwa akina mama wa pale: viazi, mahindi, minji na majani ya maboga, vikapondwa pamoja kwa mwiko. Chakula hicho hushika joto muda mrefu sahanini, kwa sababu kimeshikana. Wenyeji wameijua baridi yao zamani. Nawaomba msiende na kiburi cha pwani, kwamba asiyejua nazi hajui kula. Nilikuwa nacho, kikaniaibisha.

Mtakutana pia na samaki anayeitwa trauti. Huyo si mwenyeji wa mito ile. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alimtia samaki huyo, aliyeletwa kutoka Scotland, katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare, na leo hufugwa katika mabwawa ya maji baridi yatokayo mlimani. Nilijaribu kumpika wa kupaka. Sikupenda. Nyama yake ni laini sana, haiwezi kubeba ukwaju na tui kama tewa au changu. Huyu anataka chumvi, ndimu, siagi kidogo, na dakika chache motoni. Mpikeni kama alivyo. Mgeni aliyetaka changu angekuja Mombasa.

Kuna jambo moja linaniuma mpaka leo. Nyeri ni mahali panapokuzwa kahawa ambayo walimwengu huigombania, mashamba yako pale pale miteremkoni, na katika hoteli niliyokuwamo mgeni aliletewa unga wa kahawa wa kopo. Nikaomba ruhusa. Nikaagiza dele, birika letu la kahawa, kutoka nyumbani, nikapata kahawa ya shamba, nikaikaanga na kuitwanga mwenyewe, nikatia tangawizi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nikawa nimekaa barazani na dele juu ya makaa. Mnajua kwa nini saa ile? Mlima hujionyesha alfajiri. Kukishapambazuka vizuri mawingu huanza kupanda, na saa nne asubuhi mara nyingi kilele kimefichwa. Jikoni hufunguliwa saa moja, wageni wanamaliza mayai, wanatoka nje kuutazama mlima, haupo! Wamelipa pesa nyingi kula mbele ya wingu. Baada ya wiki mbili baraza lile lilikuwa linajaa watu waliojifunga mablanketi, vikombe vidogo mikononi, hakuna anayesema. Waombeni wakubwa wenu wafungue mapema. Waombeni tena na tena.

Ila makaa yale yalikuwa nje. Jiko la makaa lisiingie katika chumba kilichofungwa, hata baridi iwe vipi, hata mgeni akubembeleze. Moshi wake usioonekana huua watu usingizini.

Naam, dada, uliza... Anauliza kama apeleke nazi. Peleka. Usiku wa pwani tuliurudia mwezi uliofuata, wali ule ule, sahani za moto, nao wakaongeza. Yule mzee alirudi na wajukuu wake.

Maji yanatokota? Kijana, tusomee kipimajoto, kwa sauti. Mia. Haya, iandikeni kila mmoja kwenye daftari: Mombasa, 100. Mkifika huko Jumanne asubuhi, kabla ya kushika kisu, chemsheni maji matupu na mwandike mtakachosoma chini yake. Sasa leteni majani ya chai, maji yasipotee bure.