Kombe la Dewar na Wanaume wa Viwandani

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kunikaribisha. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie soka la Marekani, na najua wengi wenu mnaliona kama mtoto wa juzi: Pelé na Cosmos, Kombe la Dunia la 1994, sasa Messi pale Miami. Leo nimewaletea habari za kombe moja tu, Kombe la Dewar, ambalo siku hizi linaitwa U.S. Open Cup na ambalo fainali yake ya kwanza ilichezwa miaka 16 kabla ya Kombe la Dunia kuanza.

Ni tarehe 16 Mei 1914, mjini Pawtucket, jimbo la Rhode Island. Timu 40 zimetoana hadi zimebaki mbili, na zote mbili ni za Brooklyn, New York: Brooklyn Field Club na Brooklyn Celtic. Yaani majirani wamefunga safari hadi jimbo lingine kumalizana. Field Club wanashinda 2-1 na kubeba kombe la fedha. Uwanja wenyewe unaitwa Coats Field, na jina hilo ni la kiwanda cha nyuzi cha J. & P. Coats, kampuni yenye asili ya Paisley, Scotland. Shikeni hapo, kwa maana ukitaka kujua nani atabeba kombe Marekani ya miaka ile, ulizia kwanza nani anaajiri.

Mtindo huo ulikuwa na umri wa miaka 30 tayari. Mwaka 1884, huko Newark, New Jersey, watu wa soka waliunda American Football Association, wakaanzisha kombe lao, American Cup. Mabingwa wa miaka mitatu ya mwanzo, 1885 hadi 1887, walikuwa Clark ONT. Herufi hizo tatu ni alama ya biashara ya uzi wa kampuni ya Clark, nayo ya Paisley vilevile. Mafundi walivuka bahari kufuata kazi, na mpira wakauvusha pia. Baada yao kombe lilihamia Fall River, Massachusetts, mji wa viwanda vya pamba uliojaa watu wa Lancashire, Uingereza.

Basi, 1912 akatokea Sir Thomas Dewar, tajiri wa wiski wa Scotland, akatoa kombe la kukuza soka Marekani. Alilikabidhi kwa chama kipya, American Amateur Football Association, ambacho wakati huo kilikuwa kikivutana na kile chama kongwe cha Newark kuhusu nani ni mwakilishi halali wa nchi. Thomas Cahill, katibu wa chama kipya, alifika hadi mkutano wa FIFA wa Stockholm mwaka huohuo kutetea upande wake. Aprili 1913 likazaliwa shirikisho la taifa, na kombe la Dewar likawa lake. Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kushangaa mfanyabiashara kutoa kombe. Kenya na Uganda zilianza kugombea Kombe la Gossage mwaka 1926, na Gossage alikuwa mtu wa sabuni.

Sasa niwape utamu wenyewe. Mwaka 1915 kombe lilienda Bethlehem, Pennsylvania, kwa timu ya kiwanda cha chuma, Bethlehem Steel. Kampuni ilikuwa na fedha za Vita vya Kwanza vya Dunia na ilisajili itakavyo. Fainali ya 1916, pale pale Pawtucket, wakakutana na Fall River Rovers. Mechi ikaamuliwa kwa penalti moja dakika za mwisho, 1-0 kwa watu wa chuma, na mashabiki wakavamia uwanja. Mwaka uliofuata, timu zilezile, uwanja uleule. Safari hii Thomas Swords wa Rovers akafunga mapema kabisa, kisha wenzake wakalinda bao hilo mpaka filimbi ya mwisho. Ikawa 1-0, kisasi kimelipwa. Na 1918? Walewale tena! Sare 2-2, mechi ikarudiwa, Bethlehem wakashinda 3-0. Fainali tatu mfululizo za wapinzani walewale. Nionyesheni nchi "isiyo na soka" yenye kisa kama hicho.

Wa St. Louis, mji wa jimbo la Missouri, wakaingia kwenye orodha ya mabingwa 1920 kupitia Ben Millers, timu ya kampuni ya kofia, ambayo karibu kikosi chake chote kilizaliwa Marekani. Halafu kuna kituko cha fainali ya 1923. Paterson na Scullin Steel wametoka 2-2, inatakiwa mechi ya marudio, lakini Scullin wana majeruhi na baadhi ya wachezaji wao wameshaondoka kwenda kucheza besiboli. Paterson wakapewa kombe bila kupiga mpira.

Kumbukeni pia kwamba kuanzia 1920 hadi 1933 pombe ilipigwa marufuku nchi nzima, na miaka yote hiyo watu waliendelea kugombea kombe la mwenye wiski. Marufuku ilipoondolewa, timu ya St. Louis iliyokuwa ya duka la Stix, Baer and Fuller, bingwa wa 1933 na 1934, ikachukuliwa na kampuni ya bia. Mwaka 1935 ikashinda tena, sasa kwa jina la Central Breweries. Katika kikosi hicho alikuwamo Billy Gonsalves, mtoto wa wahamiaji wa Kireno aliyecheza Kombe la Dunia la 1930, Marekani ilipofika nusu fainali. Alitwaa kombe hili mara nane, sita kati ya hizo mfululizo, huku timu zikivunjika na kubadili majina chini ya miguu yake.

Na kwa nini zilivunjika? Mdororo wa uchumi una sehemu yake, lakini mimi naulaumu zaidi ugomvi wa 1928. Wakubwa wa American Soccer League, ligi ya kulipwa ya wakati huo, waliona mechi za kombe zinavuruga ratiba na kula fedha za safari, wakaziamuru klabu zao zisishiriki. Bethlehem Steel na wenzao wawili wakakaidi, wakafungiwa na ligi. Shirikisho nalo likaitangaza ligi kuwa haramu. Waligombea fito za nyumba moja hadi paa likawaangukia. Amani ilipatikana 1929, na 1930 Bethlehem Steel ikafa.

Waliobaki kulishika kombe walikuwa wahamiaji wa mawimbi mengine. Philadelphia Ukrainians walilitwaa mara nne katika miaka ya 1960, na Wagiriki wa New York mara tatu mfululizo, 1967 hadi 1969. St. Louis ilikuwa na Kutis, timu ya wenye biashara ya mazishi, mabingwa wa 1957 na tena 1986.

Kombe lenyewe lilichakaa kwa kubebwa, likastaafishwa 1979. Tangu 1999 mashindano yana jina la Lamar Hunt, na mwaka huohuo Rochester waliwafunga wakubwa wa MLS, ligi kuu ya Marekani ya sasa, na kulitwaa. Hakuna timu ya nje ya MLS iliyorudia hilo hadi leo. Desemba 2023 MLS ikatangaza kuondoa timu zake za kwanza kwenye kombe, kwa hoja ya ratiba iliyobana. Shirikisho likakataa, wakavutana, na mwaka 2024 ni klabu nane tu za MLS za Marekani zilizopeleka vikosi vyao vya kwanza. Mwenye swali anyooshe mkono, na anayetaka kuitetea MLS nampa nafasi ya kwanza.