Bisibisi Zirudi Mfukoni Kwanza

Ndugu zangu, naona wengine mmekuja na bisibisi. Zirudisheni mfukoni. Gari la zamani likianza kutetemeka kwenye sailensi, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, au likizima kila ukisimama kwenye taa, mkono wa kwanza huenda kwenye skrubu za kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa. Na mimi nimeshafanya hivyo. Nilimaliza Jumamosi mbili nikizungusha skrubu ya mchanganyiko, robo huku, robo kule, kumbe ugonjwa ulikuwa ndani ya distributa, kile kinachogawa umeme kwenye plagi. Kale kawaya kanakopeleka umeme kwenye pointi, swichi ndogo ya humo ndani, kalikuwa kamekatika ndani ya ganda lake, kwa nje kanaonekana hakana kasoro. Ukikanyaga mafuta, bamba la pointi linasogea, nyuzi zinagusana; ukiachia, bamba linarudi, nyuzi zinaachana, injini kimya. Hapo kabureta ingefanya nini?

Kwa hiyo kabla hujafungua chochote, jiulize: linazima lini? Likizima likiwa baridi tu, likipata moto linatulia, tazama choki, kile kinachobana hewa injini ikiwa baridi. Likienda vizuri dakika ishirini halafu likafa, likapoa, likawaka tena, hapo kuna washukiwa wawili ninaowapenda. Siku likifa, shuka upesi ufungue kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa inavutwa kwa nguvu kuingia ndani, tundu la kupumulia limeziba na pampu ilikuwa inashindwa kuvuta petroli. Kimya? Basi kagua moto wa plagi palepale kabla injini haijapoa. Koili mbovu, ile inayokuza umeme wa plagi, au kondensa iliyochoka, ile inayolinda pointi, huonyesha tabia yake ikiwa ya moto. Ukisubiri ipoe, itakudanganya.

Likibadilisha sailensi kila ukikanyaga breki, fuata mpira unaotoka kwenye manifoldi, mabomba yanayopeleka hewa na petroli kwenye silinda, kwenda kwenye busta ya breki, ile inayoongeza nguvu ya mguu wako. Huo usiuache hadi kesho, maana hapo si suala la injini peke yake.

Sasa umeme. Fungua kifuniko cha distributa, kitazame ndani kwenye mwanga mzuri. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kuiba moto. Pima nafasi ya pointi. Magari mengi hutaka karibu milimita 0.4, lakini kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Kisha chomoa plagi zote, uzipange kwa mpangilio wa silinda. Masizi makavu meusi, mafuta yamezidi. Nyeupe kama chaki, hewa imezidi. Moja ikiwa tofauti na wenzake, usihangaike na kabureta inayolisha silinda zote. Shughulika na silinda hiyo.

Upepo wa wizi ndio unaochosha mafundi. Gasketi ya manifoldi iliyolegea, mpira uliopasuka kwa chini usikoonekana, mhimili wa kabureta ulioliwa na miaka: kote huko hewa inaingia bila kupimwa, na kwenye sailensi, injini inapovuta hewa kidogo, hicho kidogo cha wizi ni kingi. Wapo wanaopulizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye maungio wasikilize injini ikibadilika. Inafanya kazi, ila dawa hiyo inawaka, na ekzosi iko hapo pembeni. Mimi nachukua kipande kirefu cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine naipitisha kwenye maungio, mbali na feni. Mluzi unajitaja wenyewe.

Mwenye geji ya vakyumu, kipimo cha mvuto wa hewa wa injini, aiunganishe kwenye manifoldi. Injini yenye afya, ikiwa kwenye sailensi, mara nyingi husimama inchi 17 hadi 21 za zebaki, mshale umetulia. Mshale ukiruka kwa mpigo uleule kila mara, shuku valvu, milango ya silinda. Pima nafasi zake kabla ya kununua kitu.

Yote hayo yakiwa safi, sasa kabureta. Gari linalokimbia vizuri barabarani lakini halikai sailensi, mara nyingi limezibwa jeti ndogo ya sailensi, katundu kanakopitisha petroli. Ipulize kwa hewa. Usiichokoe kwa waya, utalipanua tundu. Na kabla ya kutoa skrubu ya mchanganyiko, ikaze taratibu hadi iguse, ukihesabu mizunguko, uandike.

Haya, nani amekuja na gari linalozima? Lilete hapa, ufungue boneti. Usilizime.