Limfosaiti Zinapopungua: Mstari Mmoja wa Majibu ya Damu

ATUPELE: Karibuni wasikilizaji wetu wa Mbeya, Iringa, Njombe na kokote mliko. Leo tunaongelea karatasi ya majibu ya kipimo cha picha kamili ya damu, hasa mstari wa limfosaiti, ambao wagonjwa wengi huuruka, na hata sisi wauguzi, foleni inapokuwa ndefu, hatuupi muda unaostahili. Kaka Lusajo, wewe kazi yako ni ya maabara. Je, ni kweli kwamba hesabu ya chembe za kinga inaweza kuashiria afya ya mtu kwa miaka ijayo?

LUSAJO: Ni kweli, dada Atupele. Limfosaiti ni aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu, na ndizo zinazokumbuka vimelea ambavyo mwili umewahi kupambana navyo. Mtu mzima kwa kawaida huwa nazo kati ya 1,000 na 4,000 katika mikrolita moja ya damu. Watafiti wa Copenhagen, nchini Denmark, waliwafuatilia watu zaidi ya 108,000 wa kawaida, si wagonjwa waliolazwa, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionesha kwamba waliokuwa na limfosaiti chini ya 1,100 walikuwa na hatari ya kufariki iliyozidi ya wenzao kwa takriban asilimia 60, kwa sababu zote za vifo zikijumlishwa.

ATUPELE: Hiyo ni hatari kubwa kwa kipimo ambacho hufanyika hata katika vituo vya afya vya kawaida.

LUSAJO: Ndiyo, na mwaka mmoja kabla yake, uchambuzi wa takwimu za Wamarekani 31,178 ulikuwa umefikia hitimisho linalofanana. Huko waligundua pia kwamba hatari iliongezeka zaidi pale upungufu wa limfosaiti ulipoambatana na dalili za inflamesheni, yaani kinga kuwaka ndani ya mwili, na chembe nyekundu zenye ukubwa usiolingana. Kwangu mimi hilo ndilo lenye uzito, kwa sababu vipimo viwili kati ya hivyo vitatu vimo katika karatasi ileile ambayo mgonjwa ameshailipia.

ATUPELE: Lakini msikilizaji wa Tukuyu anayeona herufi L, yaani chini ya kiwango, pembeni mwa namba yake asije akadhani ameandikiwa siku ya kufa.

LUSAJO: Asidhani hivyo hata kidogo. Namba ile inatabiri kwa kundi la watu. Kwa mtu mmoja inauliza swali tu. Limfosaiti hushuka kwa siku kadhaa mtu akiwa na homa kali, akitumia dawa za jamii ya steroidi, au akiwa na lishe duni, na hubadilika hata kati ya asubuhi na jioni. Upo pia upande wetu wa maabara: damu huchukuliwa katika kichupa chenye kifuniko cha zambarau, ambacho ndani yake mna dawa ya kuzuia kuganda, na kisipopinduliwa taratibu mara kadhaa papo hapo, vibonge vidogo hujitengeneza na mashine husoma pungufu. Mgonjwa anabeba jibu la damu ambayo haikuchanganywa vizuri, na hilo linaniuma, kwa sababu kulizuia hakugharimu hata shilingi.

ATUPELE: Na viwango vyenyewe? Mashine nyingi huja na viwango vya Ulaya.

LUSAJO: Waafrika wengi wana neutrofili, aina nyingine ya chembe nyeupe, chache kuliko Wazungu kwa sababu ya urithi, bila ugonjwa wowote. Ndiyo maana nauthamini utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliopima damu ya watu wazima wenye afya hapahapa Mbeya ili tuwe na viwango vyetu wenyewe.

ATUPELE: Tuje kwenye jambo linalotugusa Nyanda za Juu Kusini kuliko mikoa mingine. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa ni 4.4.

LUSAJO: Kwa hiyo huku kwetu, limfosaiti zikiwa chini, kipimo cha kwanza cha kufikiria ni cha VVU, kisha kifua kikuu. CD4 zenyewe ni aina ya limfosaiti. Zamani mgonjwa alisubiri CD4 zishuke ndipo aanzishiwe ARV; tangu 2016 kila anayekutwa na VVU huanza dawa bila kusubiri, na wapo waliodhani kwamba kipimo cha CD4 kimekosa kazi. Si kweli. Mtu mwenye CD4 chini ya 200 anahitaji kutafutiwa mapema kifua kikuu na fangasi anayesababisha homa ya uti wa mgongo. Katika utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka, wagonjwa wa kundi hilo waliopimwa fangasi huyo na kutembelewa nyumbani katika wiki za mwanzo za dawa walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 28 kuliko waliopata huduma ya kawaida.

ATUPELE: Basi mtu aliyepewa majibu yenye limfosaiti 900, naye hana homa wala kikohozi, amwambie nini daktari?

LUSAJO: Ataje dawa zote anazotumia, zikiwemo za kienyeji, akubali kupima VVU hata kama alipima mwaka jana, na aombe kipimo kirudiwe baada ya wiki kadhaa akiwa hana ugonjwa wa muda. Zikiwa bado chini, uchunguzi wa chanzo uendelee. Karatasi ya kwanza asiitupe, aende nayo, maana kwa mtu mmoja namba mbili za nyakati tofauti zinamweleza daktari mengi kuliko namba moja.