Kulinganisha neva za fuvu kwenye matao ya koo: kuku, panya na samaki pundamilia

Mezani tuna viinitete vitatu: kuku aliyeatamiwa siku 3, panya wa siku 10.5 na samaki pundamilia wa saa 60. Umri usikusumbue. Tunatafuta hatua ambayo matao ya koo, yaani mikunjo ya pande za koo la kiinitete, yameshajitokeza na neva za fuvu (zinazotoka kwenye ubongo) zinayaingia.

Samaki mtie PTU, kemikali ya kuzuia rangi ya ngozi, ya asilimia 0.003 majini kuanzia saa ya 24, asiote rangi nyeusi. Ni sumu, vaa glavu.

Kabla ya kuviondoa maji kwa metanoli, toboa paa la ubongo wa nyuma la kuku na panya kwa sindano nyembamba. Ukiruka hapa, kingamwili itanasa ndani na kichwa kizima kitang'aa. Kisha loweka vyote katika metanoli mafungu 4 kwa DMSO (kiyeyusho) fungu 1, usiku kucha, nyuzi 4 za Selsiasi.

Kingamwili ya kwanza, inayoshika neva: 2H3 (ya nyuzi za neva) kwa kuku na panya, ya tubulini yenye asetili (protini ya ndani ya neva) kwa samaki. Acha siku mbili kwenye baridi huku chombo kikitikisika polepole, halafu suuza mara tano, saa nzima kila mara. Kiinitete kimoja cha ziada kisipewe kingamwili ya kwanza. Kikiwaka nacho, unachokiona si neva. Kwa samaki, vinyweleo vya seli navyo huwaka, kama vinukta.

Sasa darubini. Usianzie mdomoni, anzia kifuko cha sikio. Mbele yake tu ni neva ya saba, ya tao la pili. Nyuma yake ni ya tisa, tao la tatu, kisha ya kumi. Ya tano iko mbele zaidi: matawi mawili huhudumia tao la kwanza, tawi la tatu hupita juu ya jicho, usilihesabu.

Ya tisa na ya kumi hukaribiana sana kwenye shina, hivyo rangi hafifu huzifanya zionekane moja. Zifuate hadi mwisho.

Samaki ndiye mtego. Ana matao saba: ya kumi hushika la nne hadi la saba. Karibu na shina la neva ya kumi kuna neva ya mstari wa ubavuni (kiungo cha samaki cha kuhisi mwendo wa maji), ambayo kuku na panya hawana. Ikielekea mkiani chini ya ngozi, itoe kwenye hesabu. Kwa panya, tao la mwisho huitwa la sita. La tano halijitokezi, kwa hiyo pengo hilo si kosa lako.