Unyevu Ndio Mpaka Wake: Makazi, Mtawanyiko na Chakula cha Salamanda Mgongo-Mwekundu

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi na wageni wetu,

Nimeombwa nizungumzie makazi, mtawanyiko na chakula cha salamanda mgongo-mwekundu wa misitu ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini, ambaye wanasayansi humwita Plethodon cinereus. Walionisikia siku zilizopita wanajua kwamba mambo hayo matatu huwa siyatenganishi, na leo pia sitayatenganisha. Kila ninapokutana na kitabu kilichoweka makazi katika sura moja, ramani katika sura nyingine na orodha ya wadudu wanaoliwa katika sura ya tatu, naona msomaji amepewa vipande na kunyimwa kinachoviunganisha, nacho ni unyevu wa ngozi ya mnyama huyu.

Salamanda huyu, amfibia wa jamii moja na vyura, hana mapafu. Naomba hilo lisipite masikioni kama jambo la pembeni, kwa maana mengine yote yanatoka hapo. Akiwa mkubwa ana urefu wa sentimita 6 hadi 10, karibu nusu yake ikiwa ni mkia, na uzito wa takriban gramu moja. Oksijeni yote anayoihitaji huipata kupitia ngozi na utando wa ndani ya kinywa. Ngozi inayoruhusu oksijeni kuingia huruhusu na maji kutoka, hivyo mwili wake hupoteza maji wakati wote kama mtungi wa udongo unavyotoa jasho, na ngozi hiyo ikikauka atakosa pumzi ilhali hewa imemzunguka pande zote. Wako wanaomwita mjusi kwa sababu ya umbo lake. Mjusi ana magamba na mapafu, na anaweza kushinda juani. Huyu akianikwa juani hafiki mbali.

Sasa tukisema kwamba anaishi msituni, tumesema kidogo mno. Ni kweli hupatikana katika misitu ya miti inayopukutisha majani na ile iliyochanganyika na misonobari, lakini makazi yake hasa ni tabaka jembamba lililo kati ya majani yaliyoanguka na udongo wa chini, pamoja na uvungu wa mawe, wa magome na wa magogo yanayooza. Wakati wowote mkiingia katika msitu huo, sehemu ndogo tu ya salamanda waliopo ndio walio juu ya ardhi; wengine wamo katika nyufa na matundu ya udongo, na majira ya baridi huteremka chini ya kina kinachofikiwa na barafu. Wenyewe hawawezi kuchimba udongo mgumu, kwa hiyo hutegemea mashimo yaliyoachwa na mizizi iliyooza na viumbe wengine. Udongo wenye asidi kali nao huwashinda: uchunguzi uliofanywa New York katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba pale pH, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, inaposhuka chini ya 3.8 hivi, hupatikana kwa nadra sana, hata kama miti inayosimama hapo imenawiri.

Wapo watakaoniuliza kuhusu dimbwi, kwa kuwa tumezoea kufundisha shuleni kwamba amfibia hutaga majini na mtoto wake huanza maisha akiwa kiluwiluwi. Huyu hahitaji dimbwi, kijito wala kisima. Mwanzoni mwa majira ya joto jike hutaga mayai machache, mara nyingi 6 hadi 9, akiyaning'iniza katika uwazi ndani ya gogo lililooza au chini ya jiwe, kisha hujikunja kuyazunguka na kukaa nayo wiki 6 hadi 8, akila kwa nadra sana. Akiondolewa, mara nyingi mayai hushikwa na ukungu au huliwa. Hatua ya kiluwiluwi hupita ndani ya yai lenyewe, na anayetoka ni salamanda kamili, mdogo kuliko kucha ya kidole gumba akijikunja. Kwa hiyo anayeliondoa gogo lililooza akidai kwamba anausafisha msitu ameondoa chumba cha uzazi, na nimechoka kusikia kwamba gogo hilo halina kazi.

Nije kwenye chakula, ambako ndiko ninakotaka kukaa kwa muda mrefu. Orodha yake si ngumu: utitiri, sisimizi, buibui, mbawakawa wadogo, jongoo wadogo, mabuu ya nzi, konokono wadogo, nyungunyungu, na wale wadudu wadogo mno wa majani yaliyooza wanaoruka kwa kufyatua mkia. Hula karibu kila kiumbe hai kinachotoshea kinywani. Lakini orodha hiyo haituelezi anakula lini, na hapo ndipo watu wengi hukosea. Robert Jaeger, mtafiti aliyewachunguza salamanda hawa kwa miaka mingi katika misitu ya Virginia, alichapisha mwaka 1980 kazi ambayo kila mwanafunzi wangu hulazimika kuisoma. Alionyesha kwamba mvua inyeshapo, na kwa muda mfupi baada yake, salamanda hutoka na kutawanyika katika majani yaliyolowa, wengine wakipanda hata juu ya mashina ya mimea usiku, na matumbo yao hujaa. Majani yanapoanza kukauka hulazimika kurudi chini ya mawe na magogo, na matumbo hupungua. Hali ikizidi kuwa kavu, huteremka udongoni, ambako windo ni haba zaidi.

Tafakarini maana yake. Mita moja kutoka alipo, ndani ya majani makavu, wadudu wapo, na bado yeye ana njaa, kwa sababu kulivuka eneo hilo kavu kungemgharimu uhai. Wingi wa windo msituni na chakula kinachomfikia salamanda ni vitu viwili tofauti, na kinachoamua tofauti hiyo ni mvua. Tukihesabu wadudu kwa mitego yetu na kutangaza kwamba chakula kipo tele, tumepima ghala ambalo mlango wake hufunguliwa kwa siku chache. Kwa hiyo mafuta anayoyaweka mkiani wakati wa mvua si ziada. Ndiyo yatakayomvusha wakati wa ukame. Adui akimkamata mkia huo hukatika na kumwokoa, kisha huota tena, lakini akiba iliyokuwamo imekwenda.

Kutokana na hali hiyo jiwe au gogo lenye unyevu huwa mali ya kupiganiwa. Anayelimiliki hula hata siku za ukavu, na jirani yake hupungukiwa. Hulinda eneo lake kwa kujiinua juu ya miguu, kwa kuuma, na kwa harufu, kwani huweka alama kwa tezi zake na kwa kinyesi. Mwangalieni anapotembea: hugusa ardhi kwa pua mara kwa mara, na vijifereji viwili vinavyotoka puani hadi kwenye mdomo wa juu hupandisha kemikali zinazomwambia nani amepita. Mwaka 1989 kikundi cha watafiti, Jaeger akiwa mmoja wao, kilionyesha kwamba jike huchunguza kinyesi cha dume na kuvutiwa zaidi na cha yule aliyekula mchwa kuliko cha yule aliyekula sisimizi wenye ganda gumu. Sioni kichekesho katika jambo hilo. Kinyesi kile ni taarifa ya kweli kuhusu ubora wa makazi, iliyoandikwa na mwenye makazi mwenyewe, na jike anayetafuta mahali pa kulisha mwili utakaotoa mayai ana haki ya kuisoma.

Najua pingamizi linalofuata, maana nimeulizwa mara nyingi: mnyama wa gramu moja ana uzito gani katika msitu mzima? Jibu lilitolewa mwaka 1975 na Thomas Burton na Gene Likens, waliofanya kazi katika msitu wa utafiti wa Hubbard Brook huko New Hampshire. Walikuta kwamba uzito wa salamanda wote kwa jumla ulikuwa takriban maradufu ya uzito wa ndege wakati ndege hao wapo kwa wingi katika msimu wa kuzaliana, na ulilingana na uzito wa mamalia wadogo. Sehemu kubwa kabisa ya salamanda hao ilikuwa ni huyu mgongo-mwekundu. Kwa kuwa hatumii chakula kuupasha mwili joto, sehemu kubwa ya anachokula huwa nyama, nayo huwalisha nyoka, ndege na virukanjia. Msitu ambao wageni huingia na darubini kutazama ndege una uzito mkubwa zaidi wa salamanda chini ya viatu vyao.

Hata hivyo sitaki mtoke hapa na madai yasiyo na mizani. Mwaka 1998 Richard Wyman aliandika kwamba katika vizimba vyake vya majaribio, palipokuwa na salamanda majani yalioza polepole zaidi kwa asilimia 11 hadi 17, kwa sababu wadudu wanaoyasaga majani walipungua. Utafiti mwingine, uliofanywa New Hampshire na kuchapishwa mwaka 2014, haukuona athari hiyo. Wanaomtetea salamanda kwa hoja ya kaboni peke yake, yaani kwamba majani yanayooza polepole huchelewa kurudisha kaboni yake hewani, wanaegemea ukuta ambao bado unajengwa, nami nisingependa ulinzi wake uwekwe hapo.

Kuhusu mtawanyiko nitakuwa mfupi. Anapatikana kutoka Nova Scotia, Quebec na Ontario nchini Kanada, kuelekea magharibi hadi Minnesota, na kusini hadi North Carolina. Sehemu kubwa ya kaskazini ya eneo hilo ilikuwa chini ya barafu nene miaka 20,000 iliyopita. Mtu atasema kwamba mnyama ambaye eneo lake la kila siku ni mita chache za mraba hawezi kufika huko. Amefika, kwa sababu msitu ulipanda kaskazini barafu ilipoyeyuka, na vizazi vyake vikaufuata kwa maelfu ya miaka, gogo hadi gogo. Mwendo huo hauwezi kurudiwa kwa haraka pale tunapoukata msitu katikati.

Mpaka wake mwingine huonekana vizuri katika milima ya Shenandoah, Virginia, ambako ndugu yake, Plethodon shenandoah, amebaki katika vilele vitatu tu, kwenye miteremko ya mawe. Jaeger alionyesha kwamba ndugu huyo huvumilia ukavu zaidi, ilhali mgongo-mwekundu humzuia asiingie katika udongo wenye kina na unyevu unaozunguka mawe hayo.

Jambo ninaloomba mlichukue kwa uzito ni nyungunyungu. Misitu ya kaskazini iliyofunikwa na barafu haikuwa na nyungunyungu wa asili. Waliopo leo waliletwa kutoka Ulaya, na sasa Asia, pamoja na udongo wa mimea na kwa mkono wa wavuvi wanaomwaga chambo kilichobaki. Mara hii pingamizi huja upesi: si ni chakula chake? Ndiyo, mkubwa humla nyungunyungu anayetoshea kinywani. Lakini nyungunyungu hao hula majani yaliyoanguka hadi ardhi ikabaki tupu, na katika utafiti wa New York na Pennsylvania uliochapishwa mwaka 2009, salamanda walipungua kadiri majani yalivyopungua. Mlo mkubwa wa siku moja haufidii paa lililoliwa, kwa kuwa bila majani unyevu haukai na windo dogo linalomlisha mwaka mzima huondoka.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo ugonjwa wa kuvu ulioangamiza salamanda wa Uholanzi, na uliosababisha Marekani kuzuia uingizaji wa jenasi 20 za salamanda, yaani makundi ya spishi ndugu, mwaka 2016, Plethodon ikiwamo, nitauacha kwa wakati wa maswali. Huku kwetu kusini mwa Sahara hakuna salamanda wa asili, lakini wapo amfibia wasio na miguu katika udongo wa Usambara na Taita, ambao nao hutegemea unyevu huohuo wa chini ya majani. Anayetaka kufanya utafiti nyumbani aanzie hapo.

Na kwa wanaokwenda kufanya kazi katika misitu ya kule: lowesheni mikono kabla ya kumgusa, msiguse mkia, lirudisheni gogo kwanza katika alama yake ileile ya udongo, kisha mwekeni salamanda pembeni ajiingize mwenyewe, maana wengi husagwa na gogo linaloangushwa juu yao.